Ukurasa wa Mbuzi

Mama Wanne alikuwa na mazoea ya kuwasikiliza watoto wake wakisoma huku amefumba macho, na kabla hujamcheka, hebu kwanza nenda wewe ukasimame kutwa nzima mbele ya pasi ya mvuke. Alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda cha dobi nyuma ya soko. Asubuhi mashuka ya hoteli, mchana mashati ya watu wa ofisini. Viti havikuwamo mle ndani. Msimamizi alisema kiti kinaleta usingizi, na maneno hayo aliyasema akiwa amekaa. Basi mama wa watu akifika nyumbani miguu inamwaka moto, macho mekundu, na hapo ndipo inapoanza kazi ya pili, ile isiyo na msimamizi wala saa ya kutoka.

Mpango wake ulikuwa huu. Akishabandika sufuria, anavuta kigoda, anatumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, anafumba macho na kusema, "Haya, aanze wa kwanza." Watoto wanasoma kwa sauti, mmoja mmoja. Wenyewe waliuita mpango ule Mahakama, kwa sababu hapakuwa na ujanja mbele ya yule mama. Ukiruka mstari, anasema, "Rudi, umeruka." Ukilitafuna neno, anasema, "Tema, ulitamke vizuri." Na macho hajafumbua.

Siri ya uhodari wake haikuwa uchawi. Kitabu kilikuwa ni kilekile. Kilianza kwa binti yake mkubwa, kikateremka kwa wa pili, kikateremka kwa wa tatu, kikishonwa uti wa mgongo kwa uzi wa gunia na kuvikwa jalada jipya la karatasi ya kaki kila kilipobadilisha mwenyewe. Ndani kuna bibi na kuku wake mwenye kiburi, kuna mvuvi wa kidimbwi, kuna gari moshi. Mama Wanne alikuwa amekisikia mara nyingi mno, hata akipiga pasi kazini midomo yake ilikuwa ikicheza peke yake: Bibi ana kuku, kuku hataki kulala bandani.

Watoto walikuwa wanne, ndipo mtaa mzima ukamwita hivyo. Baba yao alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, ila wema wake mwingi ulipitia kwenye simu. "Wape pole watoto," anasema kutoka huko aliko. "Pole ya nini?" mama anauliza. "Basi tu, wape." Mkubwa walimwita Mwalimu, binti wa sekondari aliyemkaripia kila mtu mle ndani, mama yake akiwemo. Wa pili alikuwa Injinia, mvulana aliyefungua redio, akafungua pasi ya nyumbani, akafungua kitasa cha mlango wa choo, jirani akiwa ndani. Kwa ajili yake mama alikwisha kuitwa shuleni mara nyingi kiasi kwamba bawabu akimwona kwa mbali anafungua lango na kusema, "Karibu tena, mama yangu." Wa tatu alikuwa Redio, na jina linajieleza.

Wa mwisho alikuwa Babu. Alikuwa darasa la pili, lakini alitembea amefunga mikono nyuma kama mzee anayekagua shamba. Hakulia ovyo, hakudai, hakuvunja kitu. Ukimpa chakula anakula, ukimpa kazi anafanya. Na Mahakamani, jamani! Alikuwa akisoma kama maji. Kuku, mvuvi, gari moshi, vyote vinateremka bila kigugumizi, na sauti akiipandisha pale kuku anapojibu kwa kiburi. Mama Wanne akimsikia huyo, mabega yalikuwa yanamshuka yenyewe.

"Wako wanne wanakwendaje?" mwenzake wa meza ya jirani alimuuliza siku moja kazini. Huyo alikuwa mjane mcheshi, mtu wa maneno, aliyepiga pasi kola za mashati huku akiwatukana wenye shingo nene.

"Usiniulize," akasema Mama Wanne. "Mkubwa ananifokea, wa pili ananibomolea nyumba, wa tatu ananitoboa masikio. Yupo huyo wa mwisho tu, ndiye anayenipumzisha."

"Mshukuru Mungu. Mimi wangu hata wa mwisho hakunipumzisha."

Mama Wanne hakuyasema maneno yale kazini tu. Aliyasema nyumbani, mbele ya wenziwe, mbele ya mwenyewe, akimshika kichwa: huyu ndiye anayenipumzisha. Aliyasema kwa baba mtu kwenye simu. Babu alisikiliza, mikono nyuma.

Basi muhula ule tumbo likaanza. Asubuhi moja Babu akasema linamuuma. Mama akampa maji ya moto, akampeleka shule. Baada ya siku chache likamuuma tena, likapona jioni. Likauma tena. Mama Wanne alikuwa amekwisha kuona matumbo ya kila aina. Injinia aliwahi kuumwa tumbo mwezi mzima wa hesabu za kugawanya.

"Mama," akasema Redio, mdomo umejaa uji, "si unajua wanaleta vitabu vipya? Kile cha kuku kimestaafu. Mwalimu wao atamsikiliza kila mtu peke yake, na asiyejua kusoma anarudishwa darasa la kwanza, na kuna mmoja amekwisha kulia, na..."

"Redio, meza kwanza."

"Nimemeza. Na Babu..."

Mwalimu, dada mtu, akamkata jicho kutoka upande wa pili wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Redio akanyamaza katikati ya sentensi. Mtu ambaye hajachoka angeliona hilo. Mama Wanne alikuwa akitafuta kiatu cha pili.

"Babu hana neno," akasema kutoka chini ya kitanda. "Mimi roho yangu iko kwa huyu fundi wa vitasa."

Mvua ilinyesha siku ya pili yake, ile mvua ya upande inayoingia jikoni bila hodi. Mkaa ulilowa. Mama Wanne alipuliza mpaka kizunguzungu kikamshika, moshi ukamjaa puani, moto hauna habari naye. Akachana boksi kuukuu, akawasha, na alipokuwa akitazama karatasi ile ikijikunja, akakumbuka mwaka mwingine wa mvua kama hii. Mwaka ule hapakuwa hata na boksi. Alichokuwa nacho karibu ni kitabu cha kuku. Alitafuta karatasi isiyo na umuhimu, akakuta ile ya mbuzi wa fundi cherehani, ambayo nyuma yake mlikuwa na maswali matupu, akaing'oa na kuwashia jiko. Lo! Redio aliomboleza mbuzi yule kama kafiwa. Kwa muda mrefu baadaye, kila alipofika mahali pale kwenye kitabu, aliusoma ukurasa ule kwa kichwa, kwa sauti kubwa, makusudi mama asikie. Nyumba nzima ikawa inacheka. Mama Wanne alitabasamu peke yake pale jikoni, akafuta machozi ya moshi, akaenda kwenye kigoda chake.

Mwalimu alisoma historia yake. Injinia alisoma, akarudishwa, akasoma tena. Redio alisoma na kutia chumvi yake. Kisha Babu akasimama na kitabu.

Kuku alipita. Mvuvi alipita. Maji ya beseni yalikuwa mazuri, na usingizi ulikuwa umekwisha kumkalia Mama Wanne kwenye kope.

"Mbuzi wa fundi amekula futi," Babu akasoma. "Fundi anasema, leo nitapima nguo kwa kitu gani? Mbuzi anasema, mee."

Mama Wanne alitikisa kichwa kwa raha, vizuri, vizuri. Halafu kitu kikamgusa moyoni. Jiko. Boksi linajikunja. Mbuzi?

Akafumbua macho.

Babu alikuwa amesimama mbele yake wima, kitabu amekishika vizuri, kidole kikitembea juu ya karatasi kutoka kushoto kwenda kulia kama inavyotakiwa. Chini ya kidole kile palikuwa na picha ya gari moshi.

"Babu. Unasoma wapi?"

"Hapa, Mama."

"Hapo pameandikwa nini?"

"Mbuzi anasema mee." Kidole hakikutetemeka.

Mama Wanne alitoa miguu kwenye beseni, maji yakamwagika sakafuni, akakichukua kitabu. Akakifungua kwa mvuvi, akaweka kidole chake kwenye neno fupi kabisa. "Hili?"

Babu alilitazama. Akaanza kwa sauti ya chini, midomo ikikimbia, tangu mwanzo wa habari ya mvuvi, akihesabu maneno ili alifikie lile.

"Sitaki hadithi. Nataka neno hili moja."

Babu akarudisha kidole mwanzo wa mstari.

"Na hili? Hili je? Herufi hii inaitwaje, Babu?" Alikuwa amekwisha kupandisha sauti bila kujua. Mtoto alifunga mikono nyuma, akatazama chini. Hakulia. Afadhali angelia.

Mama Wanne akawageukia wakubwa, na uso wa kila mmoja ukamwambia yote.

"Mlijua!" Akapigwa na butwaa. "Ninyi mlijua?"

"Tulijua tangu muhula uliopita," akasema Mwalimu, na safari hii hakuwa mwalimu wa mtu, alikuwa binti aliyeogopa. "Redio alimkuta amekishika kitabu kichwa chini miguu juu na anasoma. Shuleni naye anasoma hivyohivyo, na wako wengi, nani atamwona? Ubaoni ananakili, mwandiko wake mzuri. Imla anachungulia kwa jirani."

"Na mimi? Mimi nilikuwa nani humu ndani? Mpangaji?"

"Tulikuwa tunamfundisha wenyewe, pale kwenye ngazi za nyuma. Tukasema tutamaliza kabla hujajua."

"Mimi nimemfundisha mpaka 'ke'," Injinia akasema. "Anazijua a mpaka 'ke', lakini zikichanganywa zinampotea."

"Kwa nini hamkuniambia?" Sasa alikuwa anapiga kelele kweli, na jirani hakika alisikia. "Kwa nini?"

Aliyejibu alikuwa Babu mwenyewe, taratibu, kama anayemweleza mtu jambo lililo wazi.

"Kwa sababu mimi ndiye ninayekupumzisha."

Hasira zote zikamwishia Mama Wanne miguuni. Alikaa tena kwenye kigoda, nyayo zake kwenye sakafu iliyolowa. Aliumia. Aliumia kuliko siku aliyochomwa na pasi ya mvuke mkononi, maana ile ilikuwa kazi na hii ilikuwa damu yake.

Akawaza mambo ambayo mtu hayawazi akiwa na haraka. Mwalimu alipokuwa darasa la kwanza, mama aliushika mkono wa binti ndani ya mkono wake, wakaandika herufi pamoja, penseli moja. Injinia alimkalia karibu, lakini mtoto mwingine akiwa mgongoni. Redio alimsomesha kutoka jikoni, kwa kupigiana kelele. Na huyu wa nne, ah, huyu wa nne alimkuta mama yake amekwisha. Watoto wote walizaliwa na mwanamke mmoja, ila hawakulelewa na mwanamke mmoja. Wa kwanza alipata mama, wa mwisho alipata masikio yake tu. Na masikio yale yalivikwa kilemba cha ukoka kila jioni, yakakipenda.

"Njoo," akamwambia Babu. Babu akaja. Mama akamkalisha pajani japo alikuwa amekuwa mzito, wakasikiliza mvua mpaka wali ukaungua.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini. Msimamizi akataka kujua nani amekufa. "Hajafa mtu," akasema Mama Wanne, "na ndiyo maana naenda mapema." Yule mjane wa meza ya jirani akayavuta mashuka ya Mama Wanne upande wake.

Bawabu alifungua lango. "Karibu tena, mama yangu. Kafungua nini safari hii?"

"Leo sijaja kwa huyo."

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa msichana mwenye sauti iliyokauka kwa watoto wengi kuliko madawati. Alicheka aliposikia. "Huyu mtoto? Mama, huyu ndiye ninayemsimamisha awasomee wenziwe!"

"Mpe kitabu asichokijua."

Vitabu vipya vilikuwa kabatini bado, vinanuka wino. Mwalimu akafungua kimoja, akampa. Babu akasimama, akakishika vizuri, akaweka kidole. Kidole kilikaa palepale. Watoto wa darasa jirani walikuwa wakiimba jedwali la mara tatu, wakalimaliza, wakalianza upya. Mwalimu alikichukua kitabu taratibu na kuanza kuchezea kalamu yake.

"Jamani," akasema. Kisha akateremsha sauti. "Mama, nikuambie ukweli. Si yeye peke yake. Hili zoezi nalisikiliza mimi, na naandika mimi. Mwandiko anao, adabu anayo. Nikimwacha apite, atapita. Wengi wanapita hivyo, wanakuja kushika kusoma huko mbele."

Hapo ndipo uchovu ulipomjia Mama Wanne na sauti tamu kabisa. Apite. Hakuna atakayejua. Jioni beseni, kigoda, macho yafumbwe. Mwalimu wa nyumbani atamalizia kwenye ngazi za nyuma. Kwani yeye alikuwa wa chuma? Alimtazama mtoto. Babu alikuwa akimtazama yeye, usoni, kwa makini sana, na kwa mara ya kwanza mama aliona jinsi macho yale yalivyokuwa hodari wa kusoma. Uso wake ndio uliokuwa kitabu cha yule mtoto. Alikuwa akiusoma huo kila jioni, akijua pa kupandisha sauti ili mabega yashuke.

"Mrudishe darasa la kwanza," akasema.

Midomo ya Babu ikacheza. "Nirudi kwa wadogo?"

"Urudi."

"Watanicheka."

"Watakucheka, baba. Kwa siku kadhaa watakucheka sana. Halafu watachoka, maana hata kucheka kunachosha." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, naomba uniazime hicho kitabu kipya."

Mtoto akalia pale pale, kwa sauti, kama watoto wengine. Alilia njia nzima. Alilia kwa nguvu zake zote, mpaka wapita njia wakageuka, na Mama Wanne hakumwambia anyamaze. Walipofika kona ya dobi alimwambia tu, "Funga kamba ya kiatu," naye akainama akafunga huku analia.

Jioni ile Mahakama haikukaa. Wakubwa walitumwa wakasome chumbani, na Injinia akaapa hatafungua chochote. Beseni lilibaki limeegemea ukuta. Mama Wanne alikaa sakafuni bega kwa bega na Babu chini ya taa, kitabu kipya juu ya magoti yao, goti moja lake, goti moja la mtoto. Hakikuwa na kuku. Hakuna hata mstari mmoja alioujua, na jambo hilo lilimtisha kidogo.

Neno la kwanza lilikuwa ndoo. Babu aliliendea kwa mbali. Alianza na mwisho, kwa sababu o alikuwa akiijua. Mama alisubiri. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na ulimi ule ulizoea kusema, akaubana kwa meno. Nyayo zilikuwa zinamwaka. Kutoka chumbani Redio alisikika akisema, "Ni ndo...", akazibwa mdomo na mtu.

Babu alikuwa bado anahangaika na n na d, akizisogeza pamoja kwa kidole, zikikataa. Taa ilikuwa na joto zuri. Bega la mtoto lilikuwa na joto zuri pia.

"Mama."

"Naam. Nakusikiliza."

"Umefumba macho."

"Sijafumba. Nakusikiliza, baba, endelea."

Babu akaondoa kidole kwenye neno, akakiinua, akakiweka taratibu kwenye kope ya mama yake.

"Usinisikilize," akasema. "Tazama."

Mama Wanne akafumbua macho. Kidole kikarudi kwenye karatasi, na wote wawili wakakitazama.